Google Photos au digiKam kwa maelfu ya picha?
Kwa gharama, digiKam, programu ya kupanga picha zilizo kwenye kompyuta yako, haina ada kabisa. Google Photos, inayohifadhi picha mtandaoni, inakupa GB 15 za bure, unazogawana na Gmail na Drive. Zikijaa, ama ufute ama ulipie. Ila kwa kutafuta, Google inaongoza: andika "harusi" au "bahari", picha zinajileta zenyewe. digiKam inataka ukae uweke lebo nyingi kwa mkono, lakini lebo hizo zinaweza kuhifadhiwa ndani ya faili la picha, hivyo hata ukihamia programu nyingine unakwenda nazo. Hilo nalithamini sana. Tatizo, kompyuta ikifa na huna nakala kwenye diski ya nje, picha zimekwenda. Mwenye simu tu na bando la uhakika, Google inamtosha. Mwenye kompyuta na intaneti ya kusuasua, digiKam.