Kahawa na vitafunwa vya bei nafuu kwa anayeruka kutoka Songwe

Abiria wa ndege ya asubuhi Mbeya anatoka nyumbani gizani, baridi inamuuma, na chai hajanywa. Uwanja wa Songwe, ulioanza kazi 2012 badala ya ule wa zamani wa mjini, uko zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya jiji, barabara ya kwenda Tunduma. Njia hiyo ndefu ndiyo nafasi yako ya kula vizuri kwa fedha kidogo, kwa kuwa bei hupanda kadiri unavyoukaribia uwanja.

Chaguo langu la kwanza ni Mbalizi, mji mdogo ulio njiani. Mwambie dereva mapema kwamba mtasimama, maana akishashika mwendo hapendi kugeuza. Tafuta kahawa ya birika iliyokaa juu ya mkaa, ile unayolipia kwa sarafu. Hakikisha birika linafuka mvuke, na ndoo ya kusuuzia vikombe iwe na maji safi. Yakishakuwa meusi, pita. Kwa mama ntilie, bonyeza andazi kwa kidole. La asubuhi hiyo linarudi juu; la jana linabaki na shimo na kukuachia mafuta mkononi. Mimi hupendelea chapati kwa yai la kuchemsha: inakunjika, haimwagi makombo, na inashikilia tumbo hadi Dar es Salaam. Tena huku ni kwenye kahawa yenyewe. Mbozi, mbele kwenye barabara hiyohiyo, wanalima arabika, kwa hiyo kahawa ya kuchemsha ndiyo ya kunywa hapa.

La pili ni chupa ya chai ya nyumbani. Kwa bei hakuna kinachoishinda, ila inamfaa zaidi mwenye msindikizaji: mnakunywa nje, yeye anarudi na chupa, nawe huna cha kubishania kwenye ukaguzi. Ukifungasha parachichi la Rungwe, limenye na kulikata kabisa nyumbani. Kisu hakipiti kwenye mzigo wa mkononi.

Kununua ndani ya uwanja naweka la tatu. Uliza bei kabla hujaagiza, na uliza kama kahawa ni ya kuchemsha au ya kopo. Kulipa bei ya juu kwa kijiko cha unga na maji ya moto ni hasara. Lakini ukungu ukishuka na ndege ikachelewa, usijitese na njaa kwa ajili ya kubana matumizi. Agiza kitu cha moto, na uwe na noti ndogo ili usihangaike na chenji.

Biskuti na soda ziwe za mwisho kabisa, njaa inarudi upesi. Afadhali karanga za kukaanga: zinunue soko la Mwanjelwa, hapo Mbeya mjini, jioni ya kuamkia safari, uzitie mfukoni.