Muuguzi: makao ya watoto au wodi ya Mirembe?

Wauguzi wapya hapa Dodoma hawaachi kubishana hili. Kwa mshahara, Mirembe, hospitali ya serikali ya afya ya akili, ina uhakika zaidi. Makao mengi hutegemea wafadhili, na mfadhili akiyumba nawe unayumba. Wodini zamu ina mwisho na daktari yu karibu. Kwenye makao, mtoto akiamka saa nane usiku akipiga mayowe, ni wewe na mlezi tu. Lakini huko ndiko utakakomjua: anayeficha ugali chini ya godoro, anayekojoa kitandani kila akitembelewa na ndugu. Wodini angeruhusiwa kabla hujayaona hayo. Una kichanga nyumbani? Anza wodini. Huna haraka, na una kifua cha kutunza siri? Makao.