Mtoto wa mbwa au mbwa mzima, ukiwa na mtoto mdogo nyumbani?

Kwa gharama, mbwa mzima aliyekwisha kuchanjwa ana nafuu: hubaki chanjo za kurudia, ya kichaa cha mbwa ikiwemo. Mtoto wa mbwa huchanjwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe walau wiki 16, na dawa za minyoo juu yake. Hizo usizipuuze. Minyoo yake humwingia binadamu pia, hasa yule anayetambaa sakafuni na kutia vidole mdomoni.

Kazi ndiyo huwashinda wengi. Kijibwa hukojoa ovyo, hulia usiku, na meno ya utotoni yakianza kung'oka, tangu mwezi wa 3 au wa 4, hutafuna soksi, mguu wa mdoli, hata kidole cha mwenye mdoli. Ukiwa na kichanga anayenyonya usiku, sijui utalala saa ngapi.

Kwenye tabia, kijibwa anazoea mapema kelele na mikono ya watoto, ila atakavyokuwa ukubwani hujui. Mzima unamwona alivyo. Muulize aliyemlea kama ameishi na watoto, kisha mtazame mtu anaposogelea bakuli lake. Akiacha kula, akakakamaa na kukodoa jicho, huyo si wa nyumba yako.

Basi: watoto wameanza shule na kuna mtu mzima anayeshinda nyumbani? Kijibwa atakufaa. Anayetambaa bado yupo na wote mnatoka kazini mmechoka? Tafuta mzima mpole.