Gari lilikuwa zima, mpango ndio uliotuangusha: siku tisa Cape Town hadi Lüderitz

Nimesubiri wiki mbili kabla ya kuandika, hasira ishuke kwanza. Mwezi wa tisa mimi, mke wangu na shemeji tulikodi gari Cape Town kwa siku tisa: pikapu ya kuvuta magurudumu yote, yenye hema juu ya paa. Kampuni (jina naliacha) inakupa na mpango wa safari wa siku kwa siku: mashamba ya mizabibu kwanza, kisha kaskazini kwa barabara ya N7 mpaka Namibia, hadi mji wa Lüderitz, jangwa la Namib linapokutana na bahari. Gari linapata nyota nne. Mpango nyota moja, na hiyo ni kwa sababu karatasi zake zilitufaa kufungia maandazi.

Tuanze kaunta. Dhamana walitaka kadi ya mkopo, kadi ya kawaida ya benki hawaigusi. Bahati shemeji alikuwa nayo. "Sasa mmejua kwa nini mmenileta," akasema, na maneno hayo tuliyasikia siku zote tisa. Leseni za Tanzania walizikubali bila neno, na kule wanaendesha kushoto kama sisi. Bima ndiyo uisome mstari kwa mstari. Ile waliyoiita kamili haikuhusu matairi, kioo wala uvungu wa gari, yaani vitu vitatu vinavyoliwa na changarawe. Tukaongeza ya kioo. Ya tairi tukajifanya wajanja.

Mpango ulitupa siku moja ya Stellenbosch na Franschhoek, vituo vitano vya kuonja mvinyo, na dereva ni mimi. Afrika Kusini kiwango cha pombe kwa dereva ni gramu 0.05 kwa mililita 100 za damu, kwa hiyo huo si mpango, ni mtego. Tuliacha gari Franschhoek tukapanda Wine Tram, tramu na basi vinavyokuzungusha kwenye mashamba, unashuka unapotaka na kupanda inayofuata. Hiyo naisifu bila kigugumizi. Mimi ni mtu wa Dodoma, na nilipoondoka nyumbani watu walikuwa wanavuna zabibu za msimu wa pili. Huku mizabibu ndiyo kwanza ilikuwa inatoa majani, maana Cape wanavuna mara moja tu kwa mwaka. Pinotage, zabibu waliyoizalisha wenyewe Stellenbosch mwaka 1925, niliionja mara mbili. Mke wangu alisema ina harufu ya moshi wa jikoni kwa bibi, akaomba nyingine.

Kutoka Cape Town mpaka Springbok ni kama kilomita 560, lami safi. Tulipita Namaqualand wakati wa maua, na mpango ukasema "furahia maua njiani." Hawakusema kwamba maua yale hufuata jua, na jua la kule liko kaskazini. Ukienda kaskazini unayaona migongo! Tena asubuhi na siku ya mawingu yanajifunga kabisa. Tuliyaona nyuso wakati wa kurudi, saa saba mchana, rangi ya chungwa mpaka upeo wa macho.

Mpakani Vioolsdrif barua ya kuruhusu gari kuvuka ilikuwa na namba ya usajili isiyo ya gari letu, tarakimu mbili zimepishana. Saa mbili nzima tumekaa kivulini tukisubiri ofisi itume nyingine. Ikague barua hiyo kabla hujatoka getini kwao. Randi usizibadilishe, Namibia wanazipokea, randi moja kwa dola yao moja. Ila dola za Namibia zimalize kabla ya kurudi, Afrika Kusini hazina soko.

Upande wa Namibia tulishika barabara ya C13 kando ya mto Orange. Aussenkehr kuna zabibu za mezani zimestawi katikati ya mawe matupu kwa maji ya mto, na pembeni vibanda vya matete vya wafanyakazi, safu kwa safu. Mbele kidogo barabara ikawa na mikunjo kama bati, na mimi nikiwa kwenye themanini tukasikia pwaa. Jiwe limepasua ubavu wa tairi, kidole kinaingia. Hapo ndipo gari lilipopata nyota zake: spea mbili, jeki inayofanya kazi, na pampu ya upepo inayotumia betri ya gari. Wenyeji waliosimama kutusaidia walitushauri tupunguze upepo kwenye matairi na mwendo ushuke mpaka sitini. Kijana wa kampuni alikuwa ametuambia tu kwamba kila kitu kiko sawa.

Lüderitz. Mpango: "mchana, tembelea Kolmanskop." Mji huo wa Wajerumani ulizaliwa baada ya mfanyakazi wa reli, Zacharias Lewala, kuokota almasi mwaka 1908, na wa mwisho walihama mwaka 1956. Geti linafungwa saa saba mchana. Tulifika saa nane, upepo unatupiga mchanga miguuni kama sindano. Tukarudi kesho yake asubuhi, na hapo ikalipa: unaingia chumba chenye rangi ya buluu ukutani, mchanga umepanda mpaka usawa wa kitasa, na mlango hauwezi tena kufungwa wala kufunguliwa.

Usiku wa Lüderitz mpango ulitaka tulale Shark Island, kambi ya mahema hapo hapo Lüderitz, "mandhari nzuri ya bahari." Mandhari ni nzuri kweli. Lakini hapo ndipo Wajerumani walipowafungia Waherero na Wanama, wenyeji wa Namibia, mwaka 1905 hadi 1907, wakafa kwa baridi, njaa na kazi ngumu, akiwemo kiongozi wa Wanama Cornelius Fredericks. Miaka ileile ya Maji Maji kwetu. Shemeji, ambaye babu zake ni wa Songea, alisoma jiwe la kumbukumbu, akarudi kwenye gari, akasema, "Shem, mimi hapa silali." Tukalala mjini.

Siku mbili zilizobaki mpango ulizitenga kwa Swakopmund. Kwenye ramani miji hiyo miwili iko pwani moja, unadhani ni kunyoosha tu. Hakuna barabara ya pwani. Kuna mchanga na hifadhi, na lazima urudi bara uzunguke mamia ya kilomita. Tukaifuta, tukabaki kula samaki na kurudi kwa utaratibu.

Kioo kilipata alama ya jiwe, ila nilikuwa nimelirekodi gari zima video siku ya kulichukua, na bima ya ziada ikaibeba. Dhamana imerudi juzi, pungufu ya bei ya tairi moja.