Friji ya volti 12 ya boti za matanga kwenye nyumba ya sola Dodoma

Kwa mume na mke wanaoishi kwenye boti ya matanga kati ya Tanga, Pemba na Unguja, hakuna kifaa kinachokula betri kama friji. Hawana nguzo ya kuvutia waya. Wana paneli nyuma ya boti, betri chini ya kitanda na dinamo ya injini, basi. Ndiyo maana friji za boti zimeundwa kwa ubahili wa umeme: kompresa ndogo, yaani pampu ya gesi ya friji, inayokula volti 12 au 24 moja kwa moja kutoka kwenye betri, bila inverta (kigeuzi cha umeme wa betri kuwa wa nyumbani) katikati. Nyumba ya sola pembezoni mwa Dodoma ambayo bado haijafikiwa na nguzo ina hesabu hiyohiyo, na kwa nyumba hiyo friji hii tunaipendekeza kwa moyo wote. Ila ifungwe vizuri. Nyingi zinazoitwa mbovu hazina ubovu wowote.

Tunayoipima hapa ni ya sanduku, lita 45, mlango juu, kompresa ya BD35, ambayo zamani ilitoka Danfoss na sasa inatoka Secop. Bei yake inazidi friji ya kawaida ya ukubwa huo, na hilo mnunuzi alijue mapema. Anachonunua ni kutohitaji inverta, ambayo hula betri hata friji ikiwa imetulia, na kutohitaji mshtuko mkubwa wa umeme kila kompresa inapoanza.

Hesabu ya betri ni hii. Kompresa ikizunguka, chukulia ampea 4. Joto la Oktoba na Novemba, ndani ya nyumba ya bati, panga kwamba itazunguka nusu ya siku: saa 12 mara ampea 4 ni ampea-saa 48. Betri ya maji ya ampea-saa 100 haitakiwi kushuka chini ya nusu, kwa hiyo inatosha siku moja tu, na siku ya mawingu ya Januari itakuacha njiani. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 unaweza kuitumia hadi 80. Paneli ya wati 200 kwa saa 5 za jua kali, ukitoa theluthi inayopotea njiani, inarudisha matumizi hayo na kubakiza kidogo kwa taa. Angalia kivuli. Baharini adui ni mlingoti, kwa kuwa kivuli chembamba kikikatisha paneli, umeme unaanguka vibaya. Huku ni tawi la mwarobaini saa tisa alasiri.

Sasa waya, maana hapa ndipo pesa za watu zinapotea. Kifaa cha umeme kilichobanwa ubavuni mwa kompresa huzima friji volti zikishuka hadi 10.4, na hakiiwashi tena mpaka zifike 11.7. Kipimo hicho kinasomwa kwenye friji, si kwenye betri. Fundi akivuta waya wa taa wa milimita za mraba 1.5 kwa umbali wa mita 6, umeme unasafiri mita 12 kwenda na kurudi, na friji ikivuta hadi ampea 5 unapoteza volti 0.7 njiani. Betri ikiwa na 11, friji inaona 10.3, inazima. Ikishazima, mzigo umeondoka, volti zinapanda, lakini mpaka 11.7 hazifiki. Asubuhi maziwa yameganda mtindi na betri inalaumiwa. Kanuni ya mtengenezaji kwa volti 12, ukipima umbali wa betri hadi friji bila kurudi, ni rahisi kukumbuka: mita 2.5 waya wa milimita za mraba 2.5, mita 4 waya wa 4, mita 6 waya wa 6, mita 10 waya wa 10. Fyuzi ni ya ampea 15, ikae karibu na betri. Waya utoke kwenye betri yenyewe, usipitie swichi ya taa. Na kabla ya kulipa dukani, kwangua ncha ya uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, irudishe.

Kama friji ina kitaa cha hitilafu, hesabu kinavyomweka. Mara moja ni volti ndogo, rudi kwenye waya na betri. Mara mbili, feni inavuta umeme kupita kiasi. Mara tatu, kompresa imeshindwa kuanza. Mara nne, inazunguka polepole mno. Mara tano, kile kifaa cha umeme kimepata joto kali, na hapo mara nyingi friji imesukumwa ukutani au kondensa, yaani mabomba yanayotoa joto nje, imejaa vumbi. Chumvi inayokula vyuma vya boti huku haipo; tuna vumbi jekundu la kiangazi. Brashi laini kila mwezi, na nafasi ya kiganja pande za matundu. Isikae karibu na jiko la mkaa.

Mlango wa juu una faida yake: ukiufungua, hewa baridi inabaki chini, haimwagiki sakafuni kama kwenye friji ya kusimama. Nafasi tupu ijaze chupa za maji. Watu wa boti hushusha baridi zaidi mchana jua likiwaka, kisha jioni wanapunguza, ili ile barafu ya mchana ibebe usiku. Fanya hivyo kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi. Sisi wa Dodoma tuna msaada ambao wao hawana: hewa kavu. Mtungi uliofungwa gunia bichi unapoza vizuri sana kiangazi, wakati baharini, kwa unyevu ule, gunia halikauki na mtungi haupoi. Basi maziwa yaliyochemshwa yapoe kwanza kwenye sufuria iliyozungukwa na maji ya mtungi, ndipo yaingie kwenye friji. Mlenda mkavu uache kwenye kibuyu chake.

Gesi ikivuja, usikubali fundi anayejaza kwa kukisia au kwa kupapasa bomba. Friji hizi zinachukua gramu chache tu, aina na kiasi vimeandikwa kwenye kibandiko, na zinajazwa kwa mizani. Ikizidi, haigandishi na inakula betri zaidi. Kile kifaa cha umeme kikiungua, kinabadilishwa bila kugusa gesi kabisa, kwa hiyo anayekuambia lazima afungue mfumo mzima, mshukuru uende kwingine.

Kwa watu wawili lita 45 zinatosha: maziwa, nyama ya siku tatu, mboga, maji. Kwa biashara ya samaki wa mabwawa ya Mtera au Hombolo haifai. Kilo 20 za perege wabichi haitazigandisha kwa siku moja, na wakati inahangaika, wa katikati wanaharibika. Hao wanahitaji barafu ya kununua na sanduku nene.