Glavu za udereva: zipi za kununua, na nani aache tu

Kwa mtu anayeendesha Vitz au Demio kutoka Rongai hadi mjini Nairobi kila siku, glavu za udereva ni pesa za bure. Usukani wa gari hilo ni mnene na laini, pawa ndiyo inayobeba uzito, na kwenye foleni ya Lang'ata Road hakuna kona inayodai mshiko wa ziada. Glavu hizi zilianza na magari ya wazi yasiyo na hita, yenye usukani wa mbao uliopakwa vanishi. Ndiyo maana bado zinamfaa mwenye Peugeot 504, Datsun au Beetle ya zamani yenye usukani mwembamba wa plastiki ngumu, mwenye usukani wa mbao kama wa kampuni ya Nardi, mtu ambaye viganja hulowa jasho akishuka kona za barabara ya Magadi, na anayeingia mashindano ya autokrosi (mbio za magari kwenye njia fupi). Halafu kuna jua, ambalo wengi hulisahau. Kioo cha mbele kina tabaka la plastiki katikati linalozuia sehemu kubwa ya miale ya UV, ile ya jua inayochoma ngozi. Kioo cha mlangoni mara nyingi hakina tabaka hilo, na kwetu mkono ulio dirishani ni wa kulia.

Kabla ya kununua chochote, osha usukani. Usukani unaoteleza mara nyingi ni uchafu tu, au vijana wa kuosha magari wameupaka polishi ya dashibodi. Polishi hizo nyingi zina silikoni. Ukizishika na glavu, ngozi ya glavu inainyonya na sasa glavu yenyewe ndiyo inayoteleza. Chukua kitambaa cha maikrofaiba, maji ya vuguvugu na matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo. Kamua hadi kisidondoshe, sugua kipande kwa kipande, futa kwa maji matupu, kisha kausha. Usukani ukiendelea kunata, tabaka lake la juu limeharibiwa na jasho na jua, na glavu hazitaponya hilo. Mwone fundi wa viti auvike ngozi mpya kwa mshono wa mkono. Kazi hiyo inawezekana usukani ukiwa garini. Akitaka kuutoa na una airbag (mfuko wa hewa wa usalama), waya wa negativu wa betri utolewe kwanza, kisha asubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa kitu.

Kama bado unazitaka, nafasi ya kwanza tunaipa glavu ya ngozi nyembamba ya mbuzi au kondoo, vidole vizima, bila bitana. Bitana ndiyo inayoharibu glavu nyingi za bei poa: kiganja kinateleza juu ya kitambaa hata kama ngozi imeshika usukani barabara. Ngozi ya mbuzi inavumilia msuguano zaidi. Ya kondoo ni laini zaidi lakini huisha mapema penye kidole gumba. Angalia mishono ya vidole iko nje, isikukwaruze. Angalia pia kama kati ya kidole na kidole kuna kipande chembamba cha ngozi kilichoshonwa kivyake. Glavu ya bapa mbili zilizounganishwa ukingoni tu hujikunja ukikunja ngumi. Matundu kwenye vifundo vya vidole si urembo, yanaruhusu mkono kukunjika na hewa kupita.

Saizi hupimwa kwa tepu kuzunguka kiganja penye vifundo vya vidole, bila kidole gumba, kwenye mkono unaoutumia zaidi. Sentimita 20.3 ni inchi 8, yaani saizi 8. Ukiwa katikati ya saizi mbili chukua ndogo, maana ngozi isiyo na bitana hutanuka.

Ya pili ni glavu ya karting (mbio za vigari vidogo): kitambaa chembamba, kiganja chenye silikoni, velkro kwenye kifundo cha mkono. Inashika vizuri kuliko ngozi na inafuliwa. Lakini haizuii moto, na sintetiki huyeyuka. Mashindano yakidai vifaa vya usalama, tafuta yenye lebo ya FIA 8856-2018 (kiwango cha mavazi ya kuzuia moto cha shirikisho la kimataifa la michezo ya magari) iliyoshonwa kwenye glavu, na usome kanuni za mashindano yako kabla ya kulipa. Kuivaa hiyo kwenda kununua vitu madukani Sarit ni maonyesho tu.

Glavu za vidole wazi tunaziweka ya tatu. Utagusa simu na kulipa M-Pesa bila kuzivua, ila ncha za vidole, ambazo nazo hulowa jasho, zinabaki kwenye plastiki.

Kava ya usukani inakuja mwisho kabisa. Nyingi zimekatwa kwa usukani wa kipenyo cha sentimita 37 hadi 38. Ikilegea inazunguka mkononi ukiwa katikati ya kona, na hilo ni hatari kuliko usukani mtupu. Glavu za bodaboda na za kufumwa kwa uzi usizifikirie.

Kwenye masoko ya Gikomba na Toi hupatikana ngozi nzuri ya mtumba ukichagua kwa subira. Tazama ukingo uliokatwa ndani ya sehemu ya kifundo cha mkono: ngozi bandia inaonyesha kitambaa chini ya rangi, ngozi halisi ina nyuzinyuzi. Vuta taratibu penye mshono wa kidole gumba. Matundu ya sindano yakifunguka, iache hapo. Ukiagiza nje, jumlisha usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 kabla ya kufurahia bei, na uulize kama saizi isipokaa unaweza kubadilisha, kwa sababu gharama ya kurudisha inaweza kula faida yote.

Zikilowa jasho, zinyooshe vidole na uzianike kivulini. Kwenye dashibodi chini ya jua la mchana hukauka na kuwa ngumu, kisha hupasuka penye mikunjo.