Uzoefu wangu na huduma ya ujumbe mfupi kwa wajawazito na wagonjwa walio mbali na kituo cha afya

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika eneo ambalo kaya nyingi ziko mbali na kituo cha afya. Huduma ninayoieleza hapa ina sehemu mbili. Ya kwanza huwatumia ujumbe mfupi wajawazito, wazazi wenye watoto wa kuchanjwa na watu wanaomeza dawa kila siku, ili kuwakumbusha tarehe zao na kuwauliza hali. Ya pili ni programu iliyomo katika simu yangu ya kazi, ambayo ninaitumia kusajili kaya, kujaza taarifa za ziara na kuandika rufaa. Nimezitumia zote mbili muda wa kutosha kuona zinapofaa na zinapokwama, na kwa maoni yangu ile iliyo rahisi zaidi ndiyo iliyowasaidia watu zaidi.

Ujumbe mfupi hufika hata kwenye simu ya kitochi, hauhitaji intaneti, na simu ikiwa imezimwa mtambo wa mtandao huuhifadhi kwa muda na kuufikisha simu inapowashwa. Mahali ambapo watu hupeleka simu kuchajiwa kwa jirani, jambo hilo lina uzito mkubwa. Hata hivyo, kilicholeta mabadiliko hasa ni kwamba mpokeaji anaweza kujibu, na jibu lake linamfikia muuguzi wa zamu ambaye anawajibika kumpigia. Wakati ujumbe ulipokuwa wa upande mmoja, akina mama waliusoma na kuufuta. Baada ya njia ya kujibu kufunguliwa, mama mmoja mwenye mimba kubwa aliandika kwamba kichwa kilikuwa kinamuuma sana na macho yalikuwa yanaona ukungu. Muuguzi alimpigia, nami nikaombwa kumfuata nyumbani, na alipopimwa shinikizo la damu lilikuwa juu kiasi cha kupewa rufaa siku hiyohiyo. Dalili kama hizo zinaweza kutangulia kifafa cha mimba, na mama yule alikuwa bado hajafikia tarehe yake ya kliniki.

Utafiti uliofanyika katika kliniki tatu nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet unaeleza jambo ninaloliona kazini. Watu 538 waliokuwa wakianza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI waligawanywa katika makundi mawili, na kundi moja likatumiwa kila wiki ujumbe wa neno moja, "Mambo?". Mgonjwa alitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48, na aliyesema ana shida au aliyenyamaza alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Katika kundi hilo asilimia 62 walimeza dawa ipasavyo, ilhali katika kundi ambalo halikutumiwa ujumbe walikuwa asilimia 50. Ninavutiwa pia na namna ujumbe ule ulivyoandikwa, kwa kuwa haukutaja ugonjwa, dawa wala kliniki. Simu moja hutumiwa na mke, mume na watoto, na mtu ambaye hajawaeleza wenzake nyumbani hali yake anaweza kuumizwa na sentensi moja iliyoandikwa bila kufikiri. Huduma yetu ilipoanza, ujumbe wake ulitaja aina ya kliniki waziwazi. Wahudumu tulilalamika, maneno yakabadilishwa, na baadhi ya watu waliokuwa wamejitoa wakakubali kusajiliwa tena.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba huduma hii haifuatilii akiba ya dawa. Ninamkumbusha mzazi amlete mtoto, anatembea mwendo mrefu, kisha anaambiwa dawa zimekwisha. Ukumbusho utakaofuata hautakuwa na thamani machoni pake, na mimi niliyemhimiza ndiye nitakayekabidhiwa lawama. Ufumbuzi wake unajulikana. Nchini Tanzania, katika majaribio ya mradi wa SMS for Life ya mwaka 2009 hadi 2010, vituo 129 katika wilaya tatu vilituma kila wiki idadi ya dawa za malaria zilizobaki, na katika muda wa wiki 21 vituo vilivyoishiwa angalau aina moja ya dawa hizo vilipungua kutoka asilimia 78 hadi asilimia 26. Taarifa zile zilitumwa kwa ujumbe mfupi wa kawaida tu.

Programu ya simu ninaipa alama za wastani. Inahifadhi taarifa pasipo mtandao na kuzituma mtandao unapopatikana, na inanionyesha kaya zilizopitwa na tarehe ya kutembelewa, jambo ambalo daftari halikuweza kulifanya. Lakini bado ninatakiwa kujaza rejesta ya karatasi kwa taarifa zilezile, na muda huo ningeutumia kwa mama mwingine. Watu pia hubadilisha laini mara kwa mara, kwa hiyo nimejizoesha kuhakiki namba katika kila ziara.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu matumizi ya teknolojia za kidijitali katika afya, likisisitiza kwamba nyenzo hizi haziwezi kuchukua nafasi ya mfumo wa afya unaofanya kazi. Ninakubaliana nalo kabisa. Kituo kinachotaka kuanza ningekishauri kitenge kwanza saa za muuguzi wa kujibu, kisha kifungue ujumbe wa pande mbili, na programu ije baadaye. Kwa waendeshaji wa huduma ninayoitumia, nina maombi mawili: waongeze ripoti ya dawa ya kila wiki, na waweke ujumbe wa sauti kwa wale wasioweza kusoma, kwa sababu wapo wengi katika kaya ninazozitembelea na mpaka sasa huduma hii haijawafikia.